Arua hadi Entebbe kwa ndege: piga hesabu ya umbali na muda mwenyewe

Wateja ninaowakatia tiketi hapa Arua, wengi wao wafanyabiashara wanaovuka mpaka kutoka Ariwara, mji wa upande wa Kongo, hata kabla ya nauli huuliza, "Tutakaa angani muda gani?" Kwa safari za ndani ya Uganda, kalkuleta ya simu inatosha kukujibu.

Hatua ya 1: Tafuta namba za viwanja

Fungua ramani kwenye simu, ikuze mpaka uone njia ya kurukia ndege, kisha ibonyeze bila kuachia. Zitatokea namba mbili: ya kwanza latitudo, ya pili longitudo. Arua ni 3.05 na 30.92, Entebbe ni 0.04 na 32.44. Bonyeza uwanja wenyewe. Ukibonyeza katikati ya Kampala, umeshapotea zaidi ya kilomita 30.

Hatua ya 2: Umbali

Toa latitudo kwa latitudo: 3.05 − 0.04 = 3.01. Longitudo nazo: 32.44 − 30.92 = 1.52. Zidisha kila jibu kwa 111, yaani kilomita za digrii moja. Unapata 334 na 169. Sasa ni ile hesabu ya pembetatu ya shuleni: mraba wa 334 jumlisha mraba wa 169, halafu kipeuo cha pili. Jibu ni kilomita 374 hivi.

Njia hii ya mkato usiende nayo Ulaya. Mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha Ikweta. London digrii moja ya longitudo imebaki na kilomita 69 tu. Sisi Ikweta inatupitia, kwa hiyo Uganda nzima kosa halifiki hata asilimia moja.

Basi la Kampala hadi Arua linakula karibu kilomita 480, maana lazima lizunguke kufuata madaraja ya Karuma na Pakwach. Ndege haina habari na daraja.

Hatua ya 3: Muda

Ulizia aina ya ndege. Cessna Caravan, ile ndogo ya pangaboi moja, chukulia kilomita 300 kwa saa. 374 ÷ 300 = 1.25. Hapa ndipo wengi huteleza: hiyo si saa 1 na dakika 25! Zidisha 0.25 kwa 60, upate dakika 15. Ongeza dakika 10 za kupaa na kujipanga kutua: saa 1 na dakika 25, sasa kweli.

Upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa utakuongezea dakika nane hivi. Radi za Ziwa Victoria hazina hesabu, mwachie rubani.

Ukivuka Ikweta

Kihihi, wanakoshukia watalii wa gorila wa Bwindi, ni −0.72 na 29.70. Alama ya kutoa maana yake kusini, kwa hiyo latitudo zijumlishe: 0.04 + 0.72 = 0.76. Malizia kama mwanzo; utapata kilomita 315 hivi kutoka Entebbe, saa 1 na robo kwa Caravan.

Kwa wale wa Ariwara: saa ya kwenu iko nyuma ya Uganda kwa saa nzima, na simu ikishika mtandao wa Kongo inabadilika kimyakimya. Tiketi hufuata saa ya Uganda. Iweke kwa mkono usiku wa kuamkia safari.