SOMO: Kesi ya ubakaji mahakamani, hatua kwa hatua (someni kabla ya kuuliza)

Wakuu, habari za saa hizi.

Kila wiki naulizwa lile lile: "Ndugu yangu kakamatwa kwa ubakaji, PF3 haionyeshi majeraha, kesi si itafutwa?" (PF3 ni fomu ya polisi anayojaza daktari.) Naandika mara moja, atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili, na nimekaa na familia za pande zote mbili. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake. Namba za vifungu ni za toleo la 2022. Ukikuta hati ina namba za toleo la 2023, linganisha kwanza.

1. Pata nakala ya hati ya mashtaka. Usitegemee ulichosikia kituoni. Angalia kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu na aya iliyotajwa. Aya (a) ni mwanamke ambaye hakuridhia. Aya (b) ni aliyeridhia kwa sababu ya nguvu, vitisho au kuzuiliwa. Aya (e) ni binti wa chini ya miaka 18, na hapo sheria inasema "kwa ridhaa yake au bila ridhaa". Kosa dogo la kuandika kifungu halikutoi siku hizi. Mahakama ya Rufani imeshaamua kwamba maelezo ya kosa yakieleweka na mshtakiwa akajua anashtakiwa nini, dosari hiyo inatibika.

2. Jua uzito wake. Kifungu cha 131: kuanzia miaka 30 hadi maisha. Binti akiwa chini ya miaka 10, ni maisha. Kujaribu kubaka, kifungu cha 132, nako kunaanzia miaka 30.

3. Jua Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inapaswa kuthibitisha nini. Kwa mtu mzima ni kwamba aliingiliwa, hakuridhia, na aliyefanya ni mshtakiwa. Kwa mtoto ni umri, kuingiliwa, na aliyefanya. Kuingiliwa hata kidogo kunatosha, na kifungu cha 130(4) kinasema wazi kwamba si lazima pawe na majeraha kuonyesha kwamba mwanamke alikataa. Tena kifungu cha 127(6) cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mhanga peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu. Kwa hiyo PF3 isiyo na majeraha haifuti kesi. Hata PF3 ikiondolewa kwenye ushahidi, kesi inaweza kusimama. Umri nao lazima uthibitishwe: mhanga, mzazi, ndugu, daktari au cheti cha kuzaliwa. Kuandikwa kwenye hati ya mashtaka si uthibitisho.

4. Polisi. Usisaini maelezo ambayo hukusomewa. Muda wa kawaida wa kumhoji mtu aliyekamatwa ni saa nne, na nyongeza ina utaratibu wake. Kama ulipigwa, pinga kabla maelezo hayajapokelewa mahakamani.

5. Usikilizwaji wa awali. Utasomewa maelezo ya kesi na kuulizwa unakubali yapi. Utakachokubali na kukisaini kinahesabiwa kimethibitishwa. Kubali jina lako na makazi yako, na lingine ambalo ni kweli. Usiseme "ndiyo" kwa sababu umechoka kusimama.

6. Kuwahoji mashahidi wa Jamhuri. Hapa ndipo nawaomba mtulie, kwa sababu watu wengi wasio na wakili wanaimaliza kesi yao hapa bila kujua.

Inakuwa hivi. Mhanga au mama yake anamaliza ushahidi. Hakimu anamgeukia mshtakiwa: "Una swali?" Mshtakiwa ana hasira, ana aibu, mikono imeshika nguzo ya kizimba. Anajibu, "Sina swali, mheshimiwa." Kinaandikwa hivyo hivyo kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi. Miezi kadhaa baadaye anajitetea: wamenibambikia, baba wa binti na mimi tuna ugomvi wa mpaka wa shamba. Hakimu anarudi kwenye mwenendo na kukuta baba alisimama pale pale, wala hakuulizwa neno kuhusu shamba. Msimamo wa Mahakama ya Rufani ni kwamba kutomhoji shahidi kwenye jambo la msingi ni kukubali alichosema. Utetezi unaoibuka mwishoni unaitwa fikra za baadaye, na hauna nguvu.

Kwa hiyo chochote utakachokuja kujitetea nacho, kimguse shahidi anayehusika wakati yupo kizimbani. Maswali yawe mafupi, kila swali jambo moja:

"Baada ya tukio, mtu wa kwanza kumweleza ni nani?"
"Siku hiyo ulimtajia jina langu?"
"Palikuwa na mwanga gani?"
"Mimi na wewe tulifikishana baraza la kata mwaka jana kwa ajili ya mpaka?"

Onyo la kwanza: usimtukane mhanga. Onyo la pili: usimuulize mtoto alivaa nini au alikuwa na wapenzi wangapi. Ridhaa ya mtoto haipo kisheria, kwa hiyo swali hilo halikuokoi, ila linamuumiza yeye. Onyo la tatu: usihutubie. Muda wa kueleza upande wako utafika. Na daktari aliyejaza PF3, una haki ya kuomba aitwe umhoji, kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Omba.

7. Kama hukuwepo mahali pa tukio, toa taarifa ya utetezi huo kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au angalau toa maelezo yake kabla Jamhuri haijafunga ushahidi (kifungu cha 194). Ukichelewa, mahakama inaweza isiupe uzito. Taja mahali, saa na mashahidi.

8. Ukikutwa na kesi ya kujibu, yaani hakimu akiona ushahidi wa Jamhuri unatosha utakiwe kujitetea, unaweza kujitetea kwa kiapo, bila kiapo, au kunyamaza. Ita mashahidi wako.

9. Rufaa. Kusudio ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi.

Utetezi unaosimama ni huu: sikuwa mimi, sikuwepo, halikutokea, au kwa mtu mzima, tuliridhiana. "Mtoto alikubali" si utetezi. Karibuni maswali.

---

Mtoto wa Mjini: Mkuu uzi mrefu. Kwa kifupi PF3 haina michubuko, mdogo wangu anatoka lini?

Jibu: Hatua ya 3. Isome yote.

Mama Salome: Asante mwalimu. Mimi niko upande wa mtoto. Binti yangu ana miaka 9, naogopa atashindwa kuongea mbele za watu. Na ataapa vipi?

Jibu: Pole sana mama. Ushahidi wa kesi hizi unatolewa faragha, kwa hiyo mwombe mwendesha mashtaka akumbushie hilo mapema. Mtoto wa miaka 14 kushuka chini anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima aahidi kusema kweli na si uongo, na ahadi hiyo iandikwe kabla hajaanza. Tega sikio, maana hukumu zimevunjika kwa kuisahau. Usimkaririshe maneno. Mtoto aliyekaririshwa akiulizwa swali dogo la pembeni anakwama, hata kama anayosema ni kweli tupu. Mzoeshe tu kusema "sijui" pale asipojua, na "sijaelewa swali". Hata akilia, hakimu atasubiri.

Mzee wa Busara: Sisi tumeshakaa kifamilia, ng'ombe wawili wamepokelewa, mtoto hatakwenda mahakamani. Tunafutaje kesi?

Jibu: Kesi ni ya Jamhuri, si ya familia. Anayeweza kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na ng'ombe hawamfungi mkono. Kumzuia shahidi ni kosa jingine. Sisaidii hapo.

Mzee wa Busara: Mbona mkali hivyo, tunatafuta amani tu.

Jibu: Mzee wangu, nakuheshimu. Huyo mtoto ameulizwa?

Kijana wa Uyole: Binti aliniambia ana miaka 20, kumbe yuko kidato cha pili. Nimesoma kuna kinga ya kudanganywa umri.

Jibu: Ulichosoma ni Kenya. Sheria yao ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 8(5), inayo, na hata kule lazima uonyeshe ulifanya nini kujua umri wake. Kifungu chetu cha 130 hakina maneno hayo. Tafuta wakili kabla hujatoa neno lolote. Na kama kuna mimba ya mwanafunzi, Sheria ya Elimu ina kosa lake peke yake, miaka 30.

Neema_Sheria: Mimi ni mwanafunzi. Kumfunga mtu miaka 30 kwa maneno ya mtu mmoja si hatari?

Jibu: Swali zuri dada. Makosa haya hutendeka pasipo shahidi mwingine, ndiyo maana kwa miaka mingi Mahakama ya Rufani inarudia kwamba ushahidi bora ni wa mhanga. Lakini kosa lazima lithibitishwe pasipo shaka ya maana, na mahakama hiyo hiyo imeachia watu pale mhanga alipochelewa kumtaja mtu anayemfahamu bila sababu, au alipojichanganya kwenye mambo ya msingi. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, hukumu ni bure. Soma ya kutiwa hatiani na ya kuachiwa, kisha angalia maswali aliyoulizwa mhanga katika kila moja.

Mtoto wa Mjini: Nimesoma yote sasa. Mdogo wangu hana wakili na sisi hatuna hela.

Jibu: Sawa, hapo tunaongea. Aombe mbele ya hakimu, kwa mdomo wake, apewe msaada wa kisheria kwa kuwa hana uwezo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa hakimu nafasi ya kuthibitisha hilo, na ombi liandikwe kwenye mwenendo. Mpelekee daftari na kalamu mahabusu kama wataruhusu, aandike tarehe na majina wakati bado anakumbuka.

Mama Salome: Na sisi wa upande wa pili, kwa wengine ambao limetokea leo?

Jibu: Hospitali haraka, ndani ya saa 72 kwa dawa za kuzuia VVU, na mapema ni bora zaidi. Asioge kwanza. Nguo zisifuliwe, zikunjwe kwenye mfuko wa karatasi. Kituoni ulizieni Dawati la Jinsia na Watoto. Daktari aanze matibabu hata kama PF3 bado haijapatikana.