Rangi ya kupiga ekseli na chini ya gari, hasa kama unazunguka barabara za vumbi

Kama gari yako inapanda Ngorongoro au inashuka mpaka Ziwa Natron basi chini kule inakula mawe na vumbi la magadi lenye chumvi, na chumvi ikilowana ni kutu tu, kwa hiyo ile spray nyeusi ya kopo dogo itang'oka fasta.

Chukua rangi ya epoksi ya makopo mawili, moja rangi na lingine hadna, yaani dawa ya kuigandisha. Inashika chuma vizuri na maji hayapenyi kirahisi. Ubaya wake ikipigwa jua inachuja, ila chini ya gari jua la wapi? Ukitaka ivumilie mawe zaidi, juu yake piga rangi ya poliurethani. Ile lami ya kupaka mi siipendi juu ya kutu, ikipasuka inashika maji ndani na chuma kinaoza huku kwa nje unaona iko poa.

Rangi nzuri kwenye grisi ni hela imetupwa. Osha kwa presha, toa mafuta yote, kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa, futa na tina (thinner), acha ikauke kabisa, na mwezi wa nne na mvua za Arusha usilazimishe. Pima hadna kama kopo linavyosema, usikadirie kwa macho.

Wakati wa kupuliza, funika brake, bushi za mpira na kile kipumulio cha difu (kitundu cha hewa) visipate rangi. Egzosi inataka rangi yake ya kuvumilia moto.

Na fundi akikwambia akupulizie oili chafu chini ya gari kuzuia kutu, kataa, inaua mpira.