Namna ya kuwashirikisha wananchi katika mapitio ya Malengo ya Maendeleo Endelevu

Kila mwezi Julai serikali kadhaa huwasilisha Mapitio ya Hiari ya Kitaifa mbele ya Jukwaa la Ngazi ya Juu la Kisiasa la Umoja wa Mataifa, New York. Ni taarifa ya nchi kuhusu ilipofika katika Malengo 17 na shabaha 169 za Ajenda ya 2030, mpango wa maendeleo endelevu wa Umoja wa Mataifa. Nchi 22 zilitangulia mwaka 2016, na tangu hapo nchi nyingi zimerudi mara ya pili na ya tatu. Mwongozo huu ni wa timu inayoratibu mapitio hayo, iwe ndani ya wizara au katika muungano wa asasi za kiraia, na inayotaka maneno ya wananchi yaingie ndani ya ripoti yenyewe, yasiishie kwenye picha za kiambatisho.

Shikeni vifungu kabla ya kuomba bajeti

Aya ya 74 ya Ajenda ya 2030 inataka ufuatiliaji na mapitio yawe jumuishi, shirikishi na ya wazi kwa watu wote. Aya ya 79 inahimiza mapitio ya mara kwa mara katika ngazi ya taifa na ngazi zilizo chini yake. Azimio 67/290 la Baraza Kuu, la mwaka 2013, linayapa makundi makuu (makundi tisa ya kijamii, yanayotajwa hapa chini) na wadau wengine haki ya kuhudhuria mikutano yote rasmi ya Jukwaa, kupata nyaraka rasmi, kuzungumza, kuwasilisha maandishi na kutoa mapendekezo. Aya hizi zikae ukurasa wa kwanza wa maombi ya fedha. Mhasibu anayeuliza kwa nini alipie wakalimani wa lugha ya alama anastahili kupewa jibu lenye namba ya aya.

Hesabuni miezi kurudi nyuma

Kosa linaloharibu mapitio mengi ni la kalenda. Uwasilishaji ni Julai, lakini ripoti kamili hutakiwa Umoja wa Mataifa takriban mwezi mmoja kabla, na ujumbe mkuu, yaani muhtasari wa hoja kuu wa maneno yasiyozidi 700, hutangulia wiki kadhaa kabla ya hapo. Ongezeni muda wa idhini za ndani ya serikali na tafsiri, mtaona kwamba maandishi hufungwa kufikia mwanzoni mwa Mei. Warsha ya wadau inayofanyika mwishoni mwa Mei hukuta kila sentensi imeshapitishwa. Watu hulishwa, husainishwa mahudhurio, na hakuna neno linalobadilika.

Anzeni Oktoba ya mwaka uliotangulia. Oktoba ni ya kuchora ramani ya makundi. Novemba hadi Januari ni mazungumzo, Februari ni uchambuzi. Rasimu iwe wazi kwa maoni kwa wiki sita kuanzia mwanzo wa Machi, na wiki mbili za mwisho za Aprili zibaki kwa majibu na marekebisho. Mkichelewa na kubakiwa na miezi mitatu tu, punguzeni idadi ya maeneo ya kutembelea. Muda wa kusoma rasimu na muda wa kujibu maoni msiuguse, maana bila hivyo viwili mashauriano hayana athari.

Tafuteni asiyekuwepo

Makundi makuu tisa yaliyotambuliwa Rio de Janeiro mwaka 1992 (wanawake, watoto na vijana, watu wa asili, wakulima, wafanyakazi na vyama vyao, serikali za mitaa, wafanyabiashara, wanasayansi na asasi zisizo za kiserikali) ni pa kuanzia tu. Watu wenye ulemavu, wazee na wahamiaji hawamo katika tisa hizo. Chukueni vigezo vya shabaha ya 17.18, inayohusu takwimu zinazochambuliwa kwa makundi: kipato, jinsia, umri, rangi, kabila, hali ya uhamiaji, ulemavu na mahali mtu anapoishi. Chora jedwali: malengo yawe mistari, makundi yawe safu, kisha andikeni jina la shirika au mtu wa kufikiwa katika kila kisanduku. Visanduku vitakavyobaki vitupu ndivyo kazi yenu ya mwezi wa kwanza.

Kila kundi lijichagulie wawakilishi wake. Wizara ikichagua, watakuja wale wale wanaojulikana, wanaozungumza lugha ya ofisini na wasioleta usumbufu. Na mwakilishi mmoja asibebeshwe kundi zima: mwanamke kiziwi na mwanamume anayetumia kiti cha magurudumu hawakutani na vikwazo vile vile.

Kikao chenyewe

Kikundi cha watu 8 hadi 12 na dakika 90 hutosha kwa maswali matatu. Wekeni wawezeshaji wawili, mmoja aongoze na mwingine aandike. Anayejaribu kufanya yote mawili huandika yale anayokubaliana nayo tu. Nyaraka ziwafikie watu wiki mbili kabla, katika lugha wanayoitumia nyumbani: muhtasari wa kurasa nne kwa lugha nyepesi, nakala ya herufi kubwa za ukubwa wa pointi 18, nukta nundu kwa wanaoisoma, na faili ambalo programu ya kusoma skrini inaweza kulitamka. Ukurasa uliopigwa picha na kugeuzwa faili hautamkiki.

Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa sababu mmoja akichoka huanza kudondosha maneno na kiziwi hana namna ya kujua kilichodondoka. Nauli irudishwe siku hiyo hiyo, ikiwemo ya msaidizi wa mtu mwenye ulemavu. Kwa watoto, pateni ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Ambapo wanawake hunyamaza wanaume wakiwepo, fanyeni vikao viwili, na saa ipangwe kufuata kazi za washiriki.

Mkitaka kujua ni wangapi kati ya washiriki wana ulemavu, msiulize "una ulemavu?" Wengi watasema hapana, wengine kwa aibu, wengine kwa kuwa hawajioni hivyo. Tumieni maswali sita mafupi ya Kundi la Washington, kundi la wanatakwimu wa kimataifa linaloandaa maswali ya kupima ulemavu: ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Kila swali lina majibu manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Anayejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" katika swali hata moja huhesabiwa.

Hojaji ya mtandaoni isaidie, isitawale

Hojaji hukusanya majibu mengi kwa gharama ndogo, na hapo ndipo hatari ilipo. Waliojibu ni waliojichagua: wana simu, bando, muda, na mara nyingi kisomo. Asilimia zao zikichapishwa kana kwamba ni za taifa zima, mmewafuta kimyakimya wale mliowatafuta kwa miezi. Andikeni wazi idadi ya waliojibu, umri, jinsia na maeneo yao, na msigeuze majibu hayo kuwa asilimia ya wananchi. Fungueni pia njia ya ujumbe mfupi, ya kupiga simu na ya redio, bila kudai jina wala kitambulisho.

Maoni na takwimu yakigongana

Hapa ndipo palipo na utajiri, na ndipo timu nyingi hukimbia. Chukueni shabaha ya 6.1, ya maji salama ya kunywa kwa wote. Kiashiria chake hakiishii kwenye kuwa na bomba: maji lazima yatoke kwenye chanzo kilichoboreshwa, yapatikane nyumbani, yawepo yanapohitajika na yawe safi. Takwimu ikionyesha kaya nyingi zina bomba, huku washiriki wakisema maji hutoka siku mbili kwa wiki, hakuna aliyekosea. Takwimu imepima bomba, wananchi wamepima upatikanaji. Peleka maelezo hayo kwenye ofisi ya takwimu, uliza ni sehemu gani ya kiashiria iliyopimwa, kisha andika yote mawili katika aya moja ya ripoti. Maoni yakitupwa kwenye kiambatisho, anayesoma sura ya Lengo la 6, la maji, hatayaona.

Daftari la maoni

Huu ndio uti wa mgongo wa kazi yote. Kila maoni yapewe namba siku yanapotolewa, na yafuatwe na safu hizi: tarehe, kikao, kundi, maneno ya msemaji kama alivyoyasema, shabaha inayohusika, pendekezo, ukurasa wa ripoti yalikoingia, au sababu ya kukataliwa pamoja na cheo cha aliyeamua. Majina ya watu yasiingie. "Tumelichukua" si jibu. Likubali kwa kutaja ukurasa au likatae kwa kutaja sababu. Kukataa kwa sababu iliyoandikwa hudumisha imani ya watu kuliko ukimya, kwa kuwa mtu anaweza kuipinga sababu, lakini ukimya hana pa kuushikia.

Daftari lichapishwe pamoja na ripoti, na muhtasari wake usomwe kule kule maoni yalikotolewa.

New York na baada yake

Ndani ya ukumbi, nafasi ya makundi makuu wakati wa uwasilishaji wa nchi ni finyu, mara nyingi kauli moja fupi kwa nchi. Kubalianeni mapema nani atasema na nini, mkitumia namba za daftari. Ikiwa serikali inaweka wananchi katika ujumbe wake, wapewe sehemu ya kuzungumza na walipiwe viza na usafiri mapema. Viza zinazochelewa ndizo huwabakiza nyumbani walioteuliwa.

Mapendekezo yaliyokubaliwa ila hayajatekelezwa yapelekeni kwa wanaoandaa bajeti ya mwaka unaofuata, kila moja likiwa na namba yake na idara inayohusika. Agosti, kabla timu haijatawanyika, kabidhini daftari kwa ofisi itakayoratibu mapitio yajayo, ili kikao chake cha kwanza kianze kwa kuwasomea wananchi kilichotokea kwa maoni yao ya awamu iliyopita.