Namna ya Kutumia Budesonaidi ya Utumbo, Kuanzia Kapsuli ya Asubuhi Hadi Enema ya Usiku

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia shangazi yangu, anayeishi Kibosho juu ya mji wa Moshi, katika wiki nne za kutumia budesonaidi, dawa ya kutuliza utumbo uliowaka, kwa njia ya enema, yaani dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Mimi ni mfamasia, na kwa miaka kadhaa nimewapa wagonjwa dawa hii dirishani pamoja na maelezo ya dakika mbili, nikiamini kwamba maelezo hayo yanatosha, mpaka nilipokaa nje ya pazia la chumba chake usiku wa kwanza na kusikia jinsi yasivyotosha. Ninachukulia kwamba msomaji ameshaandikiwa dawa na daktari, na kwamba daktari huyo anaendelea kumfuatilia.

Budesonaidi ni steroidi kama ilivyo prednisoloni, ila imetengenezwa ifanye kazi kwenye ukuta wa utumbo wenyewe bila kusambaa sana mwilini. Kiasi kinachonyonywa kutoka utumboni baada ya kumeza hupita kwanza kwenye ini, na takriban asilimia 90 yake huvunjwa humo kabla ya kuingia katika mzunguko wa damu wa mwili mzima. Ndiyo maana uso kuvimba, kukosa usingizi na sukari kupanda huonekana kwa uchache zaidi kuliko kwa prednisoloni, ingawa havijaondoka kabisa. Faida hiyo ina sharti lake: dawa hutibu pale tu inapogusa, na ikifunguka mahali pasipo na ugonjwa, au ikitoka kabla haijakaa, fedha ya mgonjwa imepotea.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba si maambukizi

Kuharisha damu katika mazingira yetu kuna sababu nyingi, na baadhi yake huwa hatari zaidi mgonjwa akipewa steroidi. Amiba na kichocho cha utumbo hutafutwa kwenye choo. Kifua kikuu cha utumbo hupenda kukaa pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, mahali palepale panaposhambuliwa na ugonjwa wa Crohn (utumbo kuwaka kwa muda mrefu bila maambukizi), na mara nyingine hata mtaalamu anayetazama kwa kamera hawezi kuvitenganisha mpaka kinyama kilichochukuliwa kisomwe maabara. Minyoo ya strongiloidi, ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua, inaweza kuzaliana kupita kiasi kinga inaposhushwa na steroidi. Shangazi alipimwa choo, kisha akafanyiwa kolonoskopi (kutazamwa utumbo mpana kwa kamera) na kuchukuliwa kinyama katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, na majibu yakaonyesha kolaitisi ya vidonda, yaani utumbo mpana uliowaka na kutoka vidonda, ya upande wa kushoto. Alitanguliziwa mesalazini, dawa ya kutuliza utumbo isiyo steroidi, ambayo ndiyo huanza kwa wagonjwa wa aina yake. Budesonaidi ilifuata baada ya mesalazini kushindwa kuzuia damu.

Hatua ya pili: linganisha umbo la dawa na mahali ulipo ugonjwa

Kuandika «budesonaidi» peke yake kwenye cheti hakutoshi. Kapsuli za Entocort na Budenofalk zina chembechembe zilizofunikwa kwa utando unaoyeyuka asidi inapopungua, kwa hiyo hufunguka mwishoni mwa utumbo mwembamba na mwanzoni mwa utumbo mpana, eneo linaloshikwa sana na Crohn. Kidonge cha Cortiment kimetengenezwa kifunguke mbele zaidi na kuachia dawa polepole katika urefu wa utumbo mpana, kwa ajili ya kolaitisi ya vidonda. Enema ya maji hupanda upande wa kushoto hadi karibu na kona ya utumbo iliyo chini ya wengu. Povu huishia chini zaidi, kwenye pindo la utumbo lililo juu ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Na kidonge cha kuchomeka hubaki ndani ya puru. Mgonjwa mwenye ugonjwa wa puru tu anayemeza kapsuli za Crohn anatibu sehemu isiyo na ugonjwa na kuiacha iliyo mbovu.

Soma majibu ya kolonoskopi, tafuta ugonjwa unapoanzia na unapokomea, kisha mwombe daktari aandike mahali hapo pamoja na umbo la dawa. Nasisitiza hili kwa sababu nimewahi kuletewa na mgonjwa wa utumbo budesonaidi ya kuvuta ya wenye pumu, aliyouziwa mahali fulani kwa kuwa jina lilifanana. Usiitafute dawa hii kwenye duka la dawa muhimu. Nenda famasi yenye mfamasia, tena piga simu kwanza, kwani si kila famasi huiweka na huenda ikabidi iagizwe.

Hatua ya tatu: kumeza

Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 9 mara moja kila asubuhi, yaani kapsuli tatu za miligramu 3 kwa pamoja au kidonge kimoja cha miligramu 9. Isitafunwe, isisagwe, isivunjwe. Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari kuhusu kuimeza wakati wa daku.

Hatua ya nne: balungi na dawa nyingine

Balungi huzuia kimeng'enya kinachoivunja budesonaidi, na kwa hiyo dawa iliyokusudiwa kubaki utumboni huingia mwilini kwa wingi. Liache balungi na juisi yake muda wote wa matibabu. Chungwa la kawaida halina tatizo hilo. Kazi hiyohiyo hufanywa kwa nguvu zaidi na ketokonazo, klarithromaisini na ritonavir. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI za mstari wa pili zenye ritonavir asianze budesonaidi kabla madaktari wake wa pande zote mbili hawajazungumza. TLD, kidonge cha mchanganyiko wa dawa za UKIMWI ambacho wengi huanza nacho, hakina ritonavir ndani yake. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume chake: huivunja budesonaidi haraka na kuipunguzia nguvu. Mwenye ugonjwa mkubwa wa ini amweleze daktari, kwa kuwa ini lililochoka haliwezi tena kuichuja dawa kama nilivyoeleza hapo juu.

Hatua ya tano: enema

Hapa ndipo tulipopoteza usiku mitatu na chupa tatu.

Enema ya shangazi ilikuwa ya sehemu mbili: chupa ya maji na kidonge kidogo kinachoyeyushwa ndani yake muda mfupi kabla ya kutumia. Usiku wa kwanza alikula chakula cha jioni, maharage na chai ya moto, akalala ubavu wa kushoto kama karatasi ilivyoelekeza, akaibana chupa yote kwa mkupuo ili amalize haraka, na kabla ya dakika kumi kupita nikamsikia akisema, «Mwanangu, dawa yote imerudi.» Usiku wa pili ukawa vivyo hivyo. Usiku wa tatu nilikuwa nimeshaamua kwamba puru lake limewaka mno kiasi cha kutoweza kushika chochote, nikaanza kuandaa maneno ya kumwambia daktari, kisha nikaishika chupa ili niitikise na kushtushwa na ubaridi wake. Ilikuwa Julai, na anayekujua Kibosho cha Julai usiku hahitaji kuelezwa maji yaliyokaa juu ya kabati yana hali gani. Tulikuwa tunamwaga maji baridi kwenye utumbo uliowaka, kwa kasi, katika saa ileile ambayo chakula huamsha utumbo usukume choo. Ungekuwa muujiza kama yangekaa.

Utaratibu tuliouweka tangu usiku wa nne ni huu. Chakula cha jioni kiliwe mapema, na enema isubiri walau saa mbili. Mgonjwa aende chooni kwanza, hata kama hasikii haja, akae dakika chache bila kujikamua. Chupa ya maji, ikiwa bado imefungwa, iwekwe kwenye bakuli la maji ya vuguvugu mpaka ukiigusa na sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono usisikie baridi wala joto. Maji yanayochemka hayafai kabisa, na jiko la mkaa lisisogezwe karibu. Baada ya hapo ndipo kidonge kitiwe, kifuniko kifungwe vizuri, na chupa itikiswe kwa nguvu kwa sekunde 15 au zaidi mpaka kisionekane tena. Dawa ikishachanganywa itumike wakati huohuo. Mimi mwenyewe niliwahi kuichanganya mapema jioni ili kuokoa muda, usifanye hivyo.

Tandika plastiki juu ya godoro na khanga kuukuu juu yake, kwa maana mgonjwa anayeogopa kuchafua shuka hujibana, na anayejibana haishiki dawa. Ncha ya chupa ipakwe jeli laini ya maji. Mafuta ya kupikia siyapendi hata kidogo, ingawa najua ndiyo yanayopatikana kila nyumba. Mgonjwa alale ubavu wa kushoto, mguu wa kushoto umenyooka na wa kulia umekunjwa kuelekea tumboni, avute pumzi na kuitoa polepole wakati ncha inapoingia. Kisha chupa ibanwe taratibu, kwa dakika kadhaa, na akisikia haja asimamishe na kupumua kabla ya kuendelea. Baadhi ya maji yatabaki ndani ya chupa. Hilo lilimsumbua shangazi akadhani amepunjwa, lakini chupa yenye mililita 115 imepimwa ili mililita 100 ziingie, zikiwa na miligramu 2 za dawa, na zinazobaki zimeshahesabiwa. Chupa ikitolewa iendelee kubanwa, la sivyo itayafyonza tena maji iliyotoa.

Baada ya hapo alalie tumbo kwa dakika tano, kisha alale upande wowote unaompendeza, na ajitahidi kukaa na dawa mpaka asubuhi. Usiku wa nne shangazi alikaa nayo saa mbili. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa akiamka nayo. Ikirudi mapema, usitie chupa ya pili usiku huohuo bila kumwuliza daktari. Na kama utaratibu wote huu umefuatwa kwa siku kadhaa na dawa bado hairidhiki kukaa, omba ubadilishiwe upewe povu, ambalo ni rahisi zaidi kushika, alimradi ugonjwa hauko juu kuliko povu linapofika.

Andika kila usiku kwenye daftari la kawaida la mistari: saa uliyotumia, muda uliokaa nayo, na asubuhi umekwenda chooni mara ngapi na kama kulikuwa na damu. Programu za simu nimezijaribu na sizipendekezi. Daktari hawezi kuzifungua kwenye simu yako iliyoisha chaji, lakini daftari atalisoma kwa dakika moja.

Hatua ya sita: kumaliza

Kozi ya enema kwa kawaida ni wiki nne, na ya kumeza hufika hadi wiki nane. Kapsuli hazikatishwi ghafla. Daktari hushusha dozi kwa ngazi, kwa mfano miligramu 6 kisha 3, ili tezi zilizo juu ya figo zirudie kazi yake ya kutengeneza steroidi ya mwili. Anayehamishwa kutoka prednisoloni kuja budesonaidi yuko katika hatari kubwa zaidi hapa, maana mwili ulizoea steroidi nyingi na sasa unapata kidogo, kwa hiyo prednisoloni nayo ishushwe taratibu. Akipata ajali, akihitaji upasuaji, au akikaa karibu na mtu mwenye tetekuwanga katika kipindi hiki, ataje steroidi kabla ya kuulizwa.

Budesonaidi ni ya ugonjwa mwepesi hadi wa kati. Vipimo vya shambulio kali la kolaitisi ya vidonda vilivyowekwa na madaktari Truelove na Witts mwaka 1955 bado vinatumika: choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika, au joto la mwili linalozidi nyuzi 37.8, au hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) iliyo chini ya gramu 10.5 kwa desilita. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na enema iachwe nyumbani.