Kata kumfuata mtoto kutoka awali hadi chuo

Kata ikitaka mpango wa kumfuata mtoto kutoka elimu ya awali hadi chuo, anzeni na kipimo kabla ya kikao cha kuuzindua. Mtendaji wa kata, walimu wakuu, kamati za shule na viongozi wa dini wakubaliane namba nne tu: wanaoanza darasa la kwanza wakiwa wamepita awali, wanaosoma hadithi fupi darasa la tatu, wanaomaliza kidato cha nne, wanaoingia chuo.

Kusoma ndiko kunakotaka nguvu zaidi. Mpimeni kila mtoto peke yake: herufi, silabi, maneno, aya, hadithi. Darasa likisoma kwa pamoja, waliokariri huwaficha wasiojua. Kisha wapangeni kwa kiwango, si kwa darasa, saa moja kila siku.

Uji wa watoto wa darasa la awali: kwa gramu 50 za unga kila mtoto, watoto 100 wanahitaji kilo 25 kwa wiki ya siku tano. Kusanyeni mahindi wakati wa mavuno. Mkisubiri, wazazi watakuwa wameshauza.

Wanaomaliza kidato cha sita wanahitaji msaada wa kuomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kurasa zote za saini kwenye fomu ya maombi, ya serikali ya mtaa na ya mdhamini, zikaguliwe kabla ya kutuma. Mwanafunzi mwenye sifa anaweza kukwama kwa saini moja.