Dizeli ikikataa kuwaka alfajiri: anza na moshi

Simu za aina hii huingia saa kumi na moja alfajiri, hasa mwezi wa Julai. "Fundi, gari limekataa. Na jana tumebeba viazi nalo vizuri tu." Kabla sijauliza ni gari gani wala betri ina umri gani, huuliza hivi: ukipiga stata, ekzosi inatoa moshi? Mara nyingi napata kimya, halafu nasikia gambuti zikikanyaga nyasi zenye sakitu kuelekea nyuma ya gari.

Gereji yangu iko Nakuru mjini, na hapa baridi hainipi kazi nyingi. Kazi huanzia ukipanda: Molo, Mau Summit, Timboroa. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na huko mambo mawili hukutana. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hukandamiza hewa ndani ya silinda mpaka hewa ipate moto wa kuwasha mafuta. Chuma kikilala baridi, kinanyonya moto huo. Na hewa ya huko juu ni nyepesi, pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu robo, kwa hiyo hata cha kukandamizwa ni kidogo. Ndiyo maana gari linalowaka Kisumu kwa kuguswa tu hukuaibisha Timboroa. Kasoro ilikuwepo tangu zamani, joto la ziwa lilikuwa linaificha.

Hatua ya 1: Sikiliza stata

Zima taa, redio na feni. Kanyaga klachi hadi chini ili stata isibebe mzigo wa oili nzito ya giaboksi. Piga. Ikizunguka kwa uvivu, tatizo ni umeme, na huna haja ya kugusa kitu kingine kwanza. Betri iliyoshiba na kupumzika husoma volti 12.6 kwenye mita, ikisoma 12.2, imebaki na kama nusu. Baridi nayo huipunguzia nguvu zaidi wakati ule ule injini inapodai nyingi.

Ila usikimbilie duka la betri. Fungua vichwa vyake, mwagia maji moto ule unga wa kijani na mweupe, sugua, kaza. Fuata waya wa athi, ule mweusi wa hasi, hadi unapofungwa kwenye injini na uusafishe pia. Ukiazima umeme wa betri ya jirani, waya mweusi wa mwisho ufunge kwenye chuma cha injini, mbali na betri yako. Na lori la volti 24 usiliunganishe na pikapu ya volti 12, hata jirani akikuambia alishafanya.

Hatua ya 2: Pasha kabla ya kupiga

Geuza ufunguo mpaka taa ya njano ya koili iwake. Ikizimika usikurupuke. Kwenye magari mengi hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha silinda, huendelea kupata moto hata baada ya taa kuzimika, kwa hiyo hesabu sekunde tano zaidi. Penye sakitu, zima ufunguo, rudia mara mbili au tatu, ndipo upige stata. Usizidishe sekunde 10 hivi kwa mkupuo, kisha ipumzishe kama dakika moja. Pampu ya kizamani hupenda ukanyage mafuta kidogo. Gari la kompyuta usilikanyagie, linajipimia lenyewe.

Hatua ya 3: Nenda nyuma uangalie moshi

Hapa ndipo penye jibu. Stata inazunguka vizuri lakini gari haliwaki. Mtu mmoja apige, mwingine asimame kando ya ekzosi.

Ukiona moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli, mafuta yanafika ndani ila hayashiki moto. Joto halitoshi. Washukiwa ni hita plagi, na zikiwa nzima, kompresheni iliyochoka, yaani injini haikandamizi hewa vya kutosha. Taa ya koili isikudanganye: kwenye magari mengi ya zamani inafuata saa tu, itawaka na kuzimika vizuri hata kama plagi zote nne zimekufa. Toa kile kipande cha chuma kinachoziunganisha, ili kila moja ibaki peke yake. Chukua taa ya kupimia, klipu uifunge kwenye chanya ya betri, ncha uguse kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, hiyo plagi imekufa. Kuifungua, subiri injini ipate joto, tia oili ya kulegeza kutu, nenda polepole. Ikikatikia ndani ya silinda hedi utajuta. Na mpya iwe ya volti zile zile za ya zamani.

Usipoona moshi kabisa, hata uzi, mafuta hayafiki. Hili ndilo lililonifunza adabu. Mama mmoja wa Molo alinunua betri mpya kwa ushauri wangu, akalala na furaha, asubuhi gari likakataa tena. Nilipopanda mwenyewe nikaona ekzosi kavu. Nikabonyeza pampu ya mkono juu ya filta: laini, kama chupa tupu ya maji. Kipira chake kilikuwa kimekauka, usiku hewa inaingia, dizeli inarudi kwenye tangi. Mchana gari halilali muda wa kutosha kwa hilo kutokea, kwa hiyo linawaka. Kipira chenyewe kiligharimu bei ya soda mbili. Betri nilimlipa nusu.

Basi bonyeza pampu hiyo mpaka iwe ngumu, kisha upige. Gari likiwaka, tafuta hewa inapoingilia: kipira, klipu za mipira ya dizeli, filta isiyokazwa. Ukiwa hapo, fungua kifuniko cha chini cha filta umwage maji, hasa kama unanunua dizeli ya madumu.

Vya kutofanya

Dawa ya kuwashia injini ya kupuliza kwenye kichujio cha hewa huku hita plagi zikiwa moto: inaweza kulipuka na kupasua pistoni. Makaa chini ya injini: nimeona waya zilizoyeyuka. Maji yanayochemka juu ya pampu ya dizeli baridi: inaweza kukwama. Kitambaa cha maji moto kwenye filta hakina shida.

Na mafuta ya taa. Wapo wanaoyachanganya wakisema yanazuia dizeli kuganda. Ni kweli dizeli ina nta, na baridi kali huigandisha hadi izibe filta, lakini hiyo ni baridi ya wenzetu. Kule Kanada madereva hujaza dizeli ya majira ya baridi na usiku huchomeka injini kwenye umeme wa nyumba ili ipate joto. Ulaya ipo dizeli ya kiwango cha aktiki inayopita kwenye filta hata nyuzi 44 chini ya sifuri. Sakitu ya Timboroa haifiki huko. Mafuta ya taa hayalainishi pampu, na pampu ni ghali kuliko kila kitu nilichotaja hapa.

Oili ndiyo inayofaa kuangaliwa. Wengi bado wanaweka ile ya 40 tupu, inayogeuka uji alfajiri. 15W-40 inatosha milima yetu yote, ukikubaliana na kitabu cha gari.

Likishawaka

Usilingurumishe. Oili haijafika juu, na turbo inaitegemea. Lipe dakika moja au mbili, kisha ondoka taratibu. Kuliacha likinguruma nusu saa huku unakunywa chai kunajaza masizi. Moshi mweupe kidogo ni kawaida mpaka injini ipate joto. Ukiendelea hata sindano ya geji ya joto ikishapanda, na maji ya redieta yanapungua, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, nipigie. Na kama unateremka mlima wa Salgaa na mzigo, usiweke frii ukidhani unaokoa dizeli. Gia ndiyo itakayoushikilia mzigo.