Kuendesha mabalozi wa lishe Mtwara: kuanzia barua ya kibali hadi sinia la unga

Programu nyingi za mabalozi wa lishe vyuoni, yaani wanafunzi wanaopeleka elimu ya lishe vijijini, huishia kwenye fulana na picha ya pamoja. Mwongozo huu ni wa mratibu anayetaka wanafunzi wa shahada ya kwanza waache jambo linaloendelea kufanyika jikoni hata wao wakiwa wamerudi darasani. Mfano tulioutumia ni wa wanafunzi wenyeji wa Mtwara wanaosoma lishe Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, au afya ya jamii Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), Dar es Salaam, wanaorudi nyumbani likizo ndefu.

Hatua ya 1: Kalenda kwanza, watu baadaye

Likizo ndefu huangukia kiangazi, kabla korosho hazijaanza kudondoka kwa wingi. Itumie nafasi hiyo. Ikifika Oktoba, asubuhi utakuta nyumba tupu, watu wako mikoroshoni wanaokota, na jioni mazungumzo ni ya mnada. Tena kiangazi ndipo muhogo unapomenywa na kuanikwa makopa, kwa hiyo somo lenyewe liko uani. Tenga wiki 6: moja ya mafunzo, nne za vijijini, moja ya makabidhiano.

Hatua ya 2: Barua

Ipeleke mwezi mmoja kabla kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na afisa lishe. Taja vijiji, tarehe, idadi ya mabalozi na kitakachofanyika. Kisha pita kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Ukimruka mmoja wao kazi husimama siku ya kwanza, na hana kosa. Kama mnakusudia kukusanya takwimu za utafiti, hiyo ni kazi nyingine, inahitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Msiichanganye na elimu.

Hatua ya 3: Chagua mabalozi 8

Waweke jozi 4, kila jozi vijiji 2: mmoja wa lishe, mmoja wa afya ya jamii, na angalau mmoja aijue lugha ya nyumbani. Newala na Tandahimba ni Kimakonde. Masasi utahitaji pia Kimakua au Kiyao. Alama za darasani zisikutishe wala zisikuvutie sana. Kwenye usaili mpe mwombaji bakuli na unga, aeleze mlo wa mtoto kwa dakika 3 bila kutamka "wanga" wala "protini". Anayeshindwa hapo atawachosha kina mama.

Nauli walipwe kabla ya safari. Balozi anayedai pesa zake huanza kuchelewa, kisha haji.

Hatua ya 4: Fundisha kitendo kimoja

Makundi sita ya vyakula yatajwe, lakini yasiwe ndiyo mada. Kwa Mtwara tunapendekeza kulowanisha unga wa muhogo. Muhogo mchungu uliomenywa na kuanikwa tu hubaki na sumu ya sianidi, na mwaka wa ukame sumu huongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huu uliripoti wagonjwa wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona, unaowapata wanaokula muhogo huo kila siku bila kitoweo cha maana.

Namna ya kufanya:

1. Weka unga kwenye bakuli, usawazishe, kisha chora alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia.
2. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji.
3. Tandaza kwenye sinia au mkeka safi, unene usizidi sentimita 1.
4. Acha juani kwa muda wa saa 2, au kivulini kwa muda wa saa 5. Usifunike.
5. Songa ugali siku hiyohiyo.

Sababu yake: unga una kimeng'enya chake (kitu cha asili kinachovunja sumu), na maji ndiyo yanayokikutanisha na sumu iliyobaki. Sumu huvunjika, ikawa gesi, ikapaa. Ndiyo maana tabaka nene halifai na kufunika kunaharibu kazi nzima. Unga uliolala umelowa huchacha, na mama akiuonja mara moja harudii tena. Ugali huo uende na kunde, mbaazi au dagaa. Kulowanisha hakuchukui nafasi ya kitoweo.

Hatua ya 5: Utepe wa MUAC

Ni utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu ili kuona kama mtoto ana utapiamlo, na ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono wa kushoto, bila nguo, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu (utapiamlo mkali). Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni njano (utapiamlo wa kadiri), 12.5 na zaidi ni kijani. Kosa kubwa ni kuvuta utepe hadi ngozi inabonyea, mtoto mzima akasomeka njano. Wakati wa mafunzo, mabalozi wawili wapime watoto 10 walewale bila kuonyeshana. Wakitofautiana zaidi ya nusu sentimita, warudie.

Nyekundu, au miguu yote miwili iliyovimba, ni zahanati siku hiyohiyo, akisindikizwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Balozi hatibu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ikiwezekana ipange na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, maana watu wameshaitwa. Vikundi vya watu 10 hadi 12, kila kimoja sinia na kilo 1 ya unga. Tandazeni saa 4 asubuhi. Zile saa 2 za kusubiri jua ndizo darasa lenu: pimeni watoto, ongeeni uji. Miezi 6 hadi 8, mara 2 hadi 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 hadi 4, maziwa ya mama yakiendelea. Saa 6 mchana mnasonga, mnakula pamoja.

Hatua ya 7: Kurudi

Baada ya wiki 2 jozi ipite nyumba kwa nyumba. Wasiulize "Mama, unalowanisha?" Jibu litakuwa ndiyo, kwa heshima ya mgeni. Waombe kuona bakuli. Lenye alama ndani liandikwe daftarini. Lisilo nayo, wakae hapohapo wachore na mwenyewe. Daftari libaki kwa mhudumu wa afya wa kijiji, nakala kwa afisa lishe, kabla ya mabalozi kupanda basi.